Mpira wa Miguu Katika Vilima vya Kisarawe, na Asili Yake

Ni desturi ya wasemaji wa historia kuanza na wafalme, au vita, au safari za watu mashuhuri. Leo nawaomba radhi, maana mimi nitaanza na mbuzi.

Mbuzi huyo alikuwa beberu mweusi mwenye baka jeupe pajani, naye alikuwa amefungwa kamba kwenye shina la mkorosho, kando ya uwanja wa mpira wa kijiji kimoja cha Kisarawe. Alikuwa akitafuna majani bila kujua kwamba watu wote wale, wake kwa waume, wamekusanyika kwa ajili yake. Timu itakayoshinda ndiyo itakayomchukua, na kabla ya usiku kuingia atakuwa kitoweo.

Nilifika huko Jumamosi moja alasiri pamoja na wanachuo wangu wawili. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na umri wangu wapata miaka arobaini; kwa hiyo siku zangu za kucheza zimekwisha, zimebaki za kutazama. Wale vijana wawili wanajifunza kazi ya kufundisha historia, nao walikuwa wameniambia darasani kwamba historia iko vitabuni na mijini, na ya kwamba vijijini hamna ila hadithi za wazee. Siku ile sikuwajibu. Niliwaambia tu, "Jumamosi tutakwenda kutazama mpira."

Tuliondoka Kibaha baada ya chakula cha mchana, tukashika barabara ya Morogoro, kisha tukaiacha barabara kuu tukafuata njia ya vijijini ipandayo vilima vya Kisarawe. Pande zote mbili palikuwa na mihogo na mikorosho, na mara kwa mara tulipishana na vijana waliopakia magunia ya mkaa juu ya baiskeli zao wakielekea Dar es Salaam. Mmoja wao tulimwona tena jioni ile, naye nitawaeleza habari zake mbele.

Yafaa kwanza mwelewe ni mpira wa namna gani. Tangu mwaka 1965 nchi yetu imekuwa na ligi ya taifa, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam. Chini ya Ligi Kuu yako madaraja mengine, hata kufikia ligi za mikoa na za wilaya. Sisi watu wa Kibaha si wageni wa mambo hayo, maana katika uwanja wa Mabatini, kule Mlandizi, watu walikwisha kuona mpira wa Ligi Kuu kwa macho yao, timu ya Ruvu Shooting ilipokuwa ikicheza humo. Lakini mchezo tuliokwenda kuutazama haumo katika daraja lolote. Hauna usajili wala hesabu ya pointi. Wenyewe huuita mpira wa mchangani, kwa kuwa uwanja ni mchanga, au huuita ndondo. Kijiji kimoja hukialika kingine, watu huchanga fedha, mbuzi hununuliwa, na shauri limekwisha.

Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama kidogo upande wa mashariki, na katika pembe moja mzizi wa mwembe ulitokeza juu ya ardhi. Wenyeji waujua na kuuruka, wageni huanguka. Milingoti ya magoli ilikuwa miti miwili iliyokatwa porini, na juu yake, mahali pa mwamba, palikuwa pamefungwa kamba ya katani. Nyavu hazikuwapo.

Mwanachuo wangu mmoja alicheka alipoiona ile kamba. Nikamwambia asicheke upesi. Sheria za mchezo huu zilipoandikwa London mwaka 1863, goli lilikuwa milingoti miwili tu, na juu hapakuwa na kitu. Mpira ukipita kati yake kwa kimo chochote, ni bao. Mwaka 1866 ndipo walipoagiza utepe ufungwe juu, kutoka mlingoti hata mlingoti, na miaka mingi ikapita kabla ya mwamba wa mti kuwa lazima. Basi wale mabwana wa Uingereza, kwa muda wa miaka mingi, walicheza chini ya utepe kama watu hawa wachezavyo chini ya kamba. Ambacho kijana alikiona kuwa umaskini wa kijiji kilikuwa pia sura ya mchezo katika utoto wake.

Sasa tuulize: mchezo huu ulifikaje katika vilima hivi?

Njia yake ilipitia Unguja. Mwaka 1864 wamisioni wa Kianglikana wa U.M.C.A., chini ya Askofu Tozer, waliweka makao yao huko, wakaanza kuwalea wavulana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Wavulana hao waliwekwa Kiungani, nje kidogo ya mji, katika shule iliyoitwa St. Andrew's. Walikuwa watoto wa makabila mengi ya bara, Wayao na Wanyasa na wengineo, waliotekwa wangali wadogo, na wengi wao hawakuweza kurudi kwao tena. Huko Kiungani walijifunza kusoma na kuandika, na kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1888 lilianza kutolewa gazeti lao la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Na huko huko, kabla karne ya 19 haijaisha, walijifunza kucheza mpira. Wako na Waingereza wengine waliocheza Unguja zamani hizo, hasa watumishi wa kampuni ya simu, kwa kuwa waya wa simu ya baharini ulifika Unguja mwaka 1879. Lakini wale walicheza wao kwa wao. Walioufanya mpira kuwa mchezo wa Mwafrika wa pwani walikuwa hasa wale wavulana wa Kiungani.

Walimu wao walikuwa na nia yao. Waliamini kwamba mpira humfundisha kijana kutii kipyenga, kuvumilia kushindwa, na kutoa pasi kwa mwenzake badala ya kujitafutia sifa. Si uongo kusema ya kwamba walitaka pia vijana waache ngoma. Katika jambo hilo la mwisho, kama tutakavyoona, hawakufaulu.

Yapata mwaka 1925 shule ya St. Andrew's ilihama kutoka Kiungani, ikavuka bahari, ikajengwa upya Minaki. Na Minaki, wasikilizaji, iko hapa hapa Kisarawe, juu ya vilima, karibu na Pugu ambako Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha mpaka mwaka 1955. Kwa hiyo shule iliyokuwa kitalu cha mpira pwani ilipandwa katikati ya nchi ya Wazaramo. Vijana waliotoka Minaki walipelekwa kufundisha katika shule nyingi za Tanganyika, na mwalimu kijana alipopangiwa shule ya kijijini alichukua chaki, kitabu cha hesabu, na ujuzi wa mpira. Fyeka ya kwanza iliyofanywa na wanafunzi wake ilikuwa mara nyingi ya bustani ya shule; ya pili, ya uwanja.

Mipira ya ngozi ilikuwa adimu, tena ya ghali. Watoto walitengeneza yao kwa matambara na makaratasi yaliyofungwa kwa kamba za migomba, nao huitengeneza hata leo na kuiita chandimu. Viatu vilikuwa adimu zaidi, wala halikuwa jambo la aibu. Mwaka 1956, timu ya Uganda ilipokwenda kucheza Uingereza, wengi katika wachezaji wake waliingia uwanjani miguu mitupu. Jumamosi ile Kisarawe niliwahesabu wachezaji sita wasio na viatu, na mmoja aliyevaa kiatu cha mguu wa kulia tu, akisema kwamba cha kushoto amemwazima ndugu yake aliye upande wa pili wa uwanja. Nilitazama, nikaona kwamba ni kweli.

Nimesema kwamba nia ya kuziondoa ngoma haikufaulu. Watu wa pwani walikuwa na mashindano yao tangu kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea ngoma ya beni, yenye matarumbeta, sare na vyeo vya kujipa, na kila mji uligawanyika pande mbili. Dar es Salaam walikuwapo Marini na Arinoti. Pande hizo zilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, na mtu alijulikana kwa upande wake kama ajulikanavyo kwa ukoo wake. Basi mpira ulipofika, ulikuta moto umekwisha washwa, ukatiwa kuni tu. Mwaka 1935 ilianzishwa Young Africans. Mwaka 1936 ikatokea klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Atazamaye leo jinsi mji mzima ugawanyikavyo siku ya pambano la timu hizo mbili asidhani kwamba desturi hiyo ililetwa na Waingereza. Mpira ndio ulioletwa. Ushindani ulikuwa wetu.

Nayo mashindano ya nchi kwa nchi yalikuwa yakikua. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengeneza sabuni wa Uingereza. Tanganyika ikaingia mwaka 1945. Lakini turudi kwenye mbuzi wetu.

Mchezo ulianza saa kumi na robo, kwa kuwa mwamuzi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alichelewa kwa kuchomwa na mwiba gurudumu la pikipiki yake. Kabla ya kuanza, akina mama wa kijiji cha wenyeji walizunguka uwanja mara mbili kwa ngoma ya mdundiko, wakiwaimbia wageni maneno ya mzaha ambayo siwezi kuyarudia katika mazungumzo haya. Wageni nao walijibu vivyo hivyo. Katika umati alikuwapo mzee mmoja Mnyamwezi aliyeoa kijijini, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, yeye alijipa kazi ya kuwatukana wote pasipo ubaguzi, na hakuna aliyekasirika.

Kipindi cha kwanza kila upande ulipata bao moja. La wenyeji lilifungwa na winga wao wa kulia, aliyemvuta beki wa wageni mpaka kwenye ule mzizi wa mwembe, na yaliyofuata mwaweza kuyakisia. La wageni lilikuwa la kichwa, kutoka kwenye kona, zuri sana, hata wenyeji wengine walipiga makofi kabla ya kukumbuka wao ni wa upande gani.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu, na jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya mikorosho, mshambuliaji wa wageni alipopiga shuti kali la chini upande wa kushoto. Mlinda mlango wa wenyeji aliruka. Mpira ukapita karibu na mlingoti, ukaenda kusimama kwenye shamba la mihogo. Wageni wakashangilia bao. Wenyeji wakasema mpira umepita nje. Nyavu hazikuwapo za kutoa ushahidi, na mwamuzi alikuwa amezuiwa na vumbi. Mara uwanja ukajaa watu. Mtu mmoja alikuwa amekwisha mfungua mbuzi, na mwingine akamshika pembe.

Hapo niliwakumbusha vijana wangu habari nyingine. Mwaka 1889, huko Liverpool, palikuwa na ugomvi wa namna ile ile, bao lililokataliwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kama mpira umepita ndani au nje. Mhandisi mmoja wa mji huo, John Alexander Brodie, akafikiri, akabuni nyavu za goli. Na tangu mwaka 1891 zikaanza kutumika katika michezo mikubwa. Kwa hiyo hata Waingereza walicheza miaka karibu thelathini tangu kuandikwa sheria, bila kuwa na shahidi mwingine ila macho na neno la mtu.

Yule mwalimu mwamuzi alifanya jambo nililolipenda. Hakupiga kelele. Aliwaita manahodha wawili na mlinda mlango wa wenyeji, akasimama nao penye mlingoti. Mlinda mlango huyo ndiye yule kijana tuliyempita njiani na gunia la mkaa. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam na kurudi siku ile ile, kisha akaingia golini. Mwamuzi akamwuliza, "Wewe ulikuwa karibu kuliko sisi sote. Mpira umepita wapi?"

Kijana alitazama chini. Watu wa kijiji chake, waliochanga fedha zao, walikuwa wamemzunguka, na nahodha wake alikuwa amemkazia macho. Kwa muda hakusema neno. Kisha akasema, "Ndani, mwalimu."

Bao likakubaliwa, na mchezo ukaisha mawili kwa moja. Mbuzi akaondoka na wageni. Wako waliomtukana yule kijana, tena si kwa utani. Nahodha wake alikwenda zake bila kumpa mkono. Nami sitawadanganya kwamba wote walimsifu. Alichukua baiskeli yake akaketi peke yake chini ya mwembe.

Aliyemwendea alikuwa mzee mmoja, ambaye nimeambiwa alikuwa mchezaji wa kijiji hicho katika ujana wake. Nasi tukasogea, tukamwamkia, tukaketi. Mzee alimwambia kijana maneno machache, kisha akatugeukia sisi.

"Mwanangu huyu wanamlaumu kwa mbuzi," akasema. "Mbuzi atanunuliwa mwingine. Lakini ninyi mlio waalimu, tazameni kule." Akatuonyesha kwa fimbo. Ukingoni mwa uwanja, hatua kama kumi ndani ya mstari, palikuwa na mawe mawili mapya ya mpaka, yenye saruji ambayo haijageuka rangi. Mji wa Dar es Salaam unakua kwa nguvu, na watu wanatafuta viwanja vya nyumba hata Kibaha na Kisarawe. Mtu alikuwa amekuja kupima. Alipoambiwa kwamba hapo ni uwanja wa mpira wa kijiji, aliomba aonyeshwe maandishi. Maandishi hayakuwapo.

Mzee akatueleza anayoyajua. Uwanja ulifyekwa kabla ya uhuru na watoto wa shule, wakiongozwa na mwalimu mmoja kijana aliyesomea Minaki. Marehemu baba yake mzee alikuwa miongoni mwa watoto hao. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipokusanywa kutoka mashambani, nyumba zilijengwa kuuzunguka uwanja, na uwanja ukaachwa. Jina la yule mwalimu baba yake alikuwa akilitaja, lakini mzee amelisahau, na wote waliolijua wamekufa.

Tuliporudi Kibaha gizani, vijana wangu hawakusema mengi. Mimi nilikuwa nikifikiri hivi. Mambo mawili ya uwanja ule yalisimama juu ya neno la watu tu: bao, na ardhi. Neno lilitosha kwa bao, kwa sababu shahidi alikuwa hai, akasema kweli ingawa ilimgharimu. Lakini kwa ardhi neno halitoshi, kwa kuwa mashahidi hufa. Wale wavulana wa Kiungani walikuwa yatima wasio na mali, lakini walikuwa na mashine ya chapa, na kwa hiyo tunayo maneno yao hata leo. Mwalimu wa Minaki aliyefyeka uwanja ule alikuwa na elimu ya kutosha kuandika mstari mmoja tu, nao ungaliwafaa watoto wa wanafunzi wake kuliko milingoti ya chuma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakitambulisha kijiji kuwa na ardhi ya matumizi ya wote, nayo inaiweka chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kuigawa. Hiyo ni ngao, lakini ngao ya ukutani haimkingi mtu. Lazima kijiji kiketi, kiutaje uwanja kuwa ni wa wote, mipaka yake ielezwe, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Nchi yetu ina uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti vya watu 60,000, na mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Ni jambo la kufurahia. Lakini wachezaji hawaoti katika viti. Huota katika mchanga wenye mzizi wa mwembe, na mchanga huo ukijengwa nyumba, hakuna mhandisi atakayeubuni tena.

Wale wanachuo wawili sasa wana kazi. Kila mwisho wa juma hupanda vilima, wakawaketisha wazee wa kile kijiji mmoja mmoja, wakaandika: nani alifyeka, nani alicheza, mpaka ulipita wapi, mti gani ulikuwa alama. Halmashauri ya kijiji imeomba nakala ya maandishi hayo kwa ajili ya mkutano wake. Shauri la mawe mawili halijakatwa. Na yule mlinda mlango, nilipopita huko mara ya mwisho, alikuwa bado yumo golini.

Nanyi wasikilizaji, kila mmoja wenu ana uwanja alioukimbilia utotoni. Mwulizeni mzee wa hapo habari zake, mwandike, mtie na tarehe, kabla usiku haujaingia.

Kwa herini.